Padi ya kizazi kipi imekukaa vizuri zaidi mkononi?

Swali kutoka kwa Kijana wa Barani, Malindi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina chumba cha michezo ya video hapa mtaani Barani, ambamo PlayStation 2, 3 na 4 zimewekwa pamoja, kila moja na televisheni yake, na kwa muda mrefu kuna jambo limekuwa likinishughulisha. Wateja wangu wa makamo wakiachiwa wachague wenyewe huenda moja kwa moja kwenye PlayStation 2, na ukiwauliza sababu hawataji uzuri wa picha wala majina ya wachezaji, wanataja padi, yaani kile chombo cha vitufe kinachoshikwa mkononi. Wanasema ni nyepesi, vitufe vyake vinaitika upesi, na haichoshi viganja. Vijana wa shule hawataki hata kuigusa, wakidai kwamba kichwa cha kijiti chake cha kumwelekeza mchezaji kimebinuka kwa juu na kidole gumba kikishapata jasho kinateleza.

Ningependa kuwasikia watu waliopitia vizazi kadhaa vya mashine. Tulinganishe padi peke yake, tuache ubora wa mashine, na kila atakayejibu aseme pia anacheza mchezo gani, kwa sababu naamini jibu la mpenzi wa kandanda haliwezi kuwa sawa na la mpenzi wa michezo ya kupigana. Mimi naelekea DualShock 4, ile iliyotoka na PlayStation 4 mwaka 2013, kwa kuwa mashikio yake yamejaa mkononi na vijiti vyake vina ukingo unaokizuia kidole. Hata hivyo ndiyo padi inayoharibika zaidi chumbani kwangu, na nashindwa kuiita bora padi ambayo kila mara iko kwa fundi.

Jibu la Mkaazi wa Mkomani, Lamu

Wa alaykum salaam. Mimi ni mtu wa kandanda, nimeanza na mashine za kartriji zilizoiga Famicom ya Nintendo, na nitasema wazi kwamba padi niipendayo ni DualShock 2, ile ya PlayStation 2. Niruhusuni nieleze njia iliyonifikisha huko, kwa sababu mapenzi haya yana sababu zake.

Padi ya Famicom, iliyotoka Japani mwaka 1983, ilikuwa kipande bapa cha plastiki chenye ncha kali. Uzuri wake wote ulikuwa kwenye ule msalaba wa mwelekeo ambao Gunpei Yokoi alikuwa ameubuni mwaka mmoja kabla, kwa ajili ya mchezo mdogo wa mkononi. Msalaba ule ni chombo cha ajabu kwa mchezo wa kuruka na kukimbia, lakini kwenye kandanda unakupa pembe nane tu, na beki yeyote mwenye akili anajua utaelekea wapi. Super Famicom ya mwaka 1990 ilivipa kazi vidole vya shahada kwa kuweka vitufe viwili ukingoni juu, na padi zote tulizozishika tangu hapo zimeurithi mpangilio huo. PlayStation ya kwanza ilipokuja mwaka 1994, mbunifu wake Teiyu Goto aliiongezea padi mashikio mawili yanayoteremka, na kwa mara ya kwanza padi ikashikwa kwa kiganja kizima badala ya ncha za vidole.

Kisha vikaja vijiti. Nintendo 64 ilikuwa na kimoja mwaka 1996, na Sony, watengenezaji wa PlayStation, wakaweka viwili mwaka 1997, na hapo kandanda ilibadilika kabisa. Ukiwa na kijiti unamgeuza mchezaji kidogo kidogo, kama nahodha anavyosogeza kana ya jahazi kwenye mkondo, na unaweza kumpa pasi mtu aliye katikati ya pembe mbili za msalaba. DualShock 2 ya mwaka 2000 iliuchukua mwili uleule ikaongeza vitufe vinavyohisi nguvu ya kidole. Katika Gran Turismo 3 ungeweza kuongeza mwendo wa gari kwa kukaza tu alama ya X, ingawa kwetu sisi wa mpira jambo hilo halikuwa na faida kubwa.

Sasa nirudi kwa wateja wako, bwana Barani, maana nadhani tofauti yao haiko kwenye umri. Wale wakubwa walilelewa na PES, mchezo wa kandanda ambamo kukimbia kwa kasi ni R1, kitufe cha juu ukingoni kulia. Vijana wamelelewa na FIFA, kandanda nyingine ambamo kukimbia ni R2, kitufe kilicho chini ya R1. Kwenye DualShock 2 R1 iko mahali ambapo kidole cha shahada kinatua chenyewe, na safari yake ni fupi, kwa hiyo unaweza kuishikilia dakika zote tisini bila kuihisi. R2 ya padi hiyo ni kitufe cha kawaida kilichojificha chini yake. Kwenye DualShock 3 ya PlayStation 3 waliigeuza R2 kuwa kifyatulio kama cha bunduki, lakini mgongo wake ulibinuka kuelekea nje, kidole kikawa kinaporomoka katikati ya mashambulizi. Ni DualShock 4 iliyokipinda kifyatulio hicho kwa ndani ili kidole kikae. Kwa hiyo kila kundi linasifu padi iliyoutendea haki mchezo wake. Wape vijana PES siku moja, wape wazee FIFA kwenye PlayStation 4, kisha wasikilize tena.

Jibu la Fundi wa Langoni, Lamu

Mzee wa Mkomani amesema vyema juu ya R1 na R2, na sina la kupinga hapo. Mimi nitazungumza kwa yale ninayoyaona padi zikiwa zimefunguliwa juu ya meza yangu, kwa sababu suala la DualShock 4 kuharibika linaeleweka vizuri zaidi kutoka ndani.

Chini ya kila kijiti kuna potentiometa mbili, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya mbele na nyuma. Ndani ya kila moja kuna ulimi mdogo wa chuma unaopita juu ya utepe wa kaboni kila unaposogeza kidole, na padi hujua kijiti kiko wapi kwa kupima umeme unaopita hapo. Ulimi unapousugua utepe mwaka hadi mwaka, kaboni huchakaa na kuacha vumbi jeusi, hasa pale katikati ambapo kijiti hurudi daima. Matokeo yake ni kwamba kipimo cha katikati kinahama, na mchezaji wako anaanza kutembea peke yake huku hujagusa kitu. Kupuliza dawa ya kusafishia huondoa vumbi, lakini kaboni iliyokwisha hairudi, na ndiyo maana padi iliyosafishwa hukurudia baada ya muda mfupi na ugonjwa uleule.

Tatizo hili si la Sony peke yake, kwani vijiti vya Joy-Con, padi ndogo za mashine ya Nintendo Switch ya mwaka 2017, vimelalamikiwa dunia nzima. Kijiti cha Nintendo 64 hakikutumia potentiometa, kilisomwa kwa mwanga, lakini shina lake la plastiki lilisagana na bakuli lake mpaka ukifungua unakuta unga mweupe na kijiti kimelegea. Waliopatia ni Sega. Padi ya mashine yao ya Dreamcast ya mwaka 1998 ilisoma kijiti kwa sumaku, bila kitu kugusana na kitu, na inanisikitisha kwamba kampuni kubwa zilirudi kwenye kaboni baada ya mashine ile kutoweka sokoni.

Ongeza sasa hewa yetu ya pwani. Chumvi haishambulii kijiti kwanza, inaanza na vyuma vilivyo wazi: springi za betri, skrubu, na mdomo wa kuchajia. Padi za DualShock 4 zinazoletwa kwangu hapa Lamu huwa na mdomo wa micro-USB uliolegea au ulioota kutu ya kijani, na mwenyewe anadhani betri ndiyo iliyokufa. DualShock 2 haina betri wala mdomo wa kuchajia. Inaponyamaza, mara nyingi waya umekatika ndani pale unapoingia kwenye padi, na hiyo ni kazi ya kukata, kuunga na kulehemu, halafu inaondoka ikiwa nzima. Wateja wa Barani wanaoisifu wana haki pia kwa upande huu.

Pamoja na hayo yote, padi niliyoipenda kuliko zote kwa mkono wangu mwenyewe ni ya Xbox 360 ya mwaka 2005. Tazameni kidole gumba cha kushoto mnaposhika kitu chochote cha ukubwa ule: kinapumzika juu, na hapo ndipo kijiti cha kushoto cha Xbox kilipo. Vijiti vya DualShock viko chini kwa sababu padi ya mwaka 1994 haikuwa navyo, na mahali pazuri palikuwa pamekwisha kuchukuliwa na msalaba na vitufe vinne, ikabidi vijiti vipachikwe kwenye nafasi iliyobaki. Sony wameuhifadhi mpangilio huo mpaka leo, na wengi wameuzoea, lakini kuzoea kitu na kukiona kinakufaa ni mambo mawili. Padi ya Xbox 360 isiyo na waya inatumia betri mbili za kawaida ambazo kila duka la Langoni linauza, na yenye waya ukiichomeka kwenye kompyuta ya Windows inafanya kazi papo hapo.

Jibu la Binti Matondoni

Nimesoma yote kwa makini na naona kila mtu amemsahau mpiganaji. Fundi, nakuheshimu sana, lakini msalaba wa padi ya Xbox 360 haufai hata kidogo kwa mchezo wa kupigana. Ukibonyeza chini unaweza kupata chini na kulia kwa pamoja, na mapigo yanayohitaji mpangilio kamili yanaharibika yote.

Mimi hucheza Tekken, na huko padi ya PlayStation haina mpinzani, tangu ile ya kwanza isiyo na vijiti kabisa. Vitufe vinne ni viungo vinne vya mwili: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu wa kulia, alama ya X ni mguu wa kushoto na duara wa kulia. Mtu anayejifunza leo anaelewa ndani ya pambano la kwanza, na mishale minne iliyotenganishwa kwa juu inamwambia kidole gumba kiko upande gani bila kutazama. Kwa michezo ya vitufe sita ningechagua padi ya Sega Saturn, ambayo ilipanga vitufe hivyo katika safu mbili za tatutatu pale juu, na msalaba wake wa duara ni laini kuliko wowote nilioushika.

Kuhusu DualSense ya PlayStation 5, ile ya mwaka 2020, nimeishika na nimevutiwa na vifyatulio vyake vinavyokaza na kulegea kulingana na mchezo. Lakini ina uzito wa gramu 280 hivi, wakati DualShock 4 ni kama gramu 210, na kwa mikono midogo kama yangu tofauti hiyo inahisika katika mashindano marefu.

Kijana wa Barani, Malindi

Nawashukuru nyote, na hasa Mzee kwa suala la R1 na R2, ambalo sikuwa nimelifikiria. Juzi niliwabadilishia wateja michezo kama alivyoshauri. Wawili kati ya wazee walikiri kwamba DualShock 4 inawafaa kwa FIFA, ingawa mmoja amekataa katakata na kusema uzito wake unamuudhi. Dada wa Matondoni, PlayStation 2 itabaki chumbani, na Tekken itakuwa na televisheni yake.

Fundi, nina swali moja la mwisho. Nataka kununua DualShock 4 zilizotumika, kwa kuwa mpya ni ghali mno kwangu. Nitajuaje nzuri kabla ya kutoa pesa, na je, vijiti vya sumaku vinaweza kuwekwa ndani yake?

Fundi wa Langoni, Lamu

Vinaweza. Siku hizi kuna vijiti vya sumaku vinavyotengenezwa kwa umbo lilelile la vile vya asili, ila vile vya zamani vimeshikiliwa kwenye bodi kwa ncha 14 zilizolehemiwa kila kimoja, na zote ziyeyushwe vizuri kabla ya kukitoa, la sivyo nyuzi za bodi zinang'oka pamoja nacho. Baada ya kuweka kipya ni lazima kitovu chake kirekebishwe kwa programu ya kompyuta. Usimpe kazi hiyo mtu ambaye hujaona mkono wake. Sony wenyewe walitoa DualSense Edge mwaka 2023, ambayo kijiti kizima kinachomolewa na kubadilishwa bila kulehemu, lakini bei yake haifai kwa chumba cha biashara.

Kuhusu kununua, nenda na simu yenye programu ya kupima padi. Shikilia kitufe cha Share na cha PS pamoja mpaka taa iwakewake kwa haraka, kisha uiunganishe kwa Bluetooth. Iweke padi mezani bila kuigusa na utazame nukta za vijiti: zikitikisika au zikikaa pembeni mwa kitovu, iache. Zungusha kila kijiti taratibu hadi ukingoni, kiachie ghafla kutoka pande zote nne, uone kama kinarudi palepale kila mara. Kisha chomeka chaja na uusogeze waya kidogo kushoto na kulia, taa ikizimika mdomo umekwisha. Mwambie muuzaji akuruhusu pia kufungua skrubu nne za nyuma mbele yake. Ukikuta kutu kwenye bodi yenyewe, usiinunue hata akipunguza bei, lakini kutu ikiwa kwenye mdomo wa kuchajia tu, mwambie akupunguzie kiasi cha gharama ya kuubadilisha, maana hiyo naweza kukufanyia ukiniletea kwa basi la Mokowe.