Dar mpaka Dodoma: hesabu yangu ya muda imekosea wapi?

Kijana wa Mbagala:
Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa hesabu, na ni jambo linaloniuma kweli.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama kliniki Dodoma kwa gari. Usiku wake nilikaa na kalamu: barabara ikiwa nyeupe natembea 100, penye makazi 50. Nikajumlisha, nikagawa kwa mbili, nikapata wastani wa 75. Kilomita 450 gawa kwa 75 ni masaa 6. Tukatoka saa 11 alfajiri ili saa 5 asubuhi tuwe getini. Tumefika saa 7 mchana, daktari ameshaondoka. Mama alishuka ameshikilia mlango wa gari, miguu imevimba, bahasha ya vipimo kwapani, akaniambia, "Basi mwanangu, tutarudi." Sikuwa na la kumjibu.

Sasa amepangiwa tena, saa 4 asubuhi. Nipige vipi hesabu safari hii?

Mwalimu wa Chaki:
Pole sana, na mfikishie mama shikamoo yangu.

Kosa lako wanalifanya hata wanafunzi wangu wazuri. Mwendo wa wastani ni umbali wote kugawa kwa muda wote. Haupatikani kwa kujumlisha mwendo huu na ule ukagawa kwa mbili, isipokuwa kama kila mwendo umeutembea kwa muda ulio sawa.

Chukua kilomita 100 tu. Hamsini za kwanza unatembea 50 kwa saa: zimekula saa nzima. Hamsini za pili unatembea 100: nusu saa. Jumla ni saa moja na nusu, kwa hiyo wastani ni kama 66.7, si 75. Kwenye mwendo mdogo ndiko unakokaa muda mrefu, basi ndiko kunakovuta wastani chini.

Kwa kilomita zako 450 hiyo inakuwa saa 6.75. Na angalia, .75 si dakika 75. Zidisha kwa 60: ni dakika 45.

Mzee wa Lori:
Mwalimu yuko sahihi, lakini hiyo ni ya barabara isiyo na foleni. Mdogo wangu, njia hiyo nimeiendesha miaka mingi. Ikate vipande, kila kipande kipe mwendo wake.

Dar hadi Chalinze weka kilomita 100. Ukibanwa Kimara, Mbezi na Kibaha, huvuki wastani wa 40: saa mbili na nusu. Chalinze hadi Morogoro weka 90 kwa mwendo wa 60: saa moja na nusu. Morogoro hadi Dodoma 260 kwa mwendo wa 65, maana Dumila, Gairo na Kibaigwa kote kuna vibao vya 50, na ukielekea Gairo unakaa nyuma ya malori yanayopanda: saa nne. Jumlisha: saa 8. Si ndizo zile zile ulizotumia?

Na usiseme utafidia kwa kukanyaga mafuta. Kilomita 100 kwa mwendo wa 100 ni dakika 60. Kwa mwendo wa 120 ni dakika 50. Unahatarisha maisha ya mama kwa dakika kumi, na trafiki wakikupiga tochi ya kupima mwendo, dakika hizo zote zinaishia pembeni mwa barabara.

Kijana wa Mbagala:
Nimeelewa, asanteni sana. Ila miadi ni saa 4. Nne kutoa nane nafanyaje?

Mwalimu wa Chaki:
Ongeza 12 kwanza, kwa kuwa saa yetu inaanza upya asubuhi. 4 + 12 = 16. Toa 8 za barabarani, zinabaki 8: saa 8 usiku. Toa tena saa moja na nusu ya mama kunyoosha miguu na kujiandikisha mapokezi: saa 6 na nusu usiku.

Mama Wawili:
Mwenye miguu iliyovimba humtoi kitandani saa hiyo. Mpandishe treni ya SGR siku moja kabla, alale Dodoma. Treni ile hufika mwendo wa 160, lakini usigawe kwa 160, kwani inasimama vituoni. Hata ukiipa saa 4 nzima, bado ni nusu ya muda wako wa gari. Kisha weka muda wa kutoka Mbagala hadi stesheni, na bajaji ya Dodoma. Hivyo navyo ni vipande vya safari.

Kijana wa Mbagala:
Nimempigia sasa hivi. Amekubali kwenda siku moja kabla, ameuliza tu kama chupa yake ya chai itaruhusiwa kwenye treni.

Mama Wawili:
Abebe, na mnunulie tiketi ya dirishani.