Waagizaji walazimishwe kuleta spea, au tuendelee kuchinja redio za wazee?

Mleta mada, Arusha:
Wakuu, nina redio ya marehemu mzee wangu, Philips ile ya enzi kiwanda kipo hapahapa Arusha, fundi wangu wa Ngarenaro kaifungua kakuta transista moja (kidude cha kukuza sauti) namba AC128 imekufa, na hiyo imetengenezwa kwa jemaniamu, si silikoni kama za siku hizi, ukichomekea ya silikoni hivihivi sauti inakwaruza ukiishusha kwa sababu ya jemaniamu inafunguka kwenye volti 0.2 hivi ila ya silikoni inataka kama 0.6. Maduka yote tumezunguka, hadi Nairobi kule mtaa wa Luthuli kwenye maduka ya elektroniki tumeagizia, hakuna. Ananiambia tafuta redio nyingine tuichinje, yaani tuing'oe vifaa vyake. Tutachinja mpaka lini? Ulaya tangu 2021 kampuni ya tivii inatakiwa iwe na spea miaka 7 baada ya kuuza tivii ya mwisho ya toleo hilo, sisi bodi ikiungua unaambiwa nunua nyingine. Anayeingiza mzigo aingize na spea, kisheria kabisa.

Mchangiaji, Moshi:
Pole kwa mzee, ila kaka hapo sikubaliani na wewe. Mi fundi niko Mbuyuni, hiyo sheria AC128 hairudishi, na ukimbana mwagizaji anaongeza bei tu. Redio mbovu moja ya soko la Kiboriloni naing'oa transfoma, spika, kondensa ya kutafutia stesheni, zinafufuka tatu. Tunachotakiwa kupiga vita ni spea feki. Nimeweka transista mpya ya C5200 kwenye amplifaya ya kwaya, wimbo wa pili tu moshi, nikaipasua ile transista nakuta kipande cha ndani ni kama punje ya ufuta, ya orijino huwa kikubwa mara kadhaa, na lawama zote zikaja kwangu.

Mleta mada:
Feki tuko pamoja fundi, na ndo maana nataka spea zipite kwa mtu anayejulikana ambaye utamrudia. Za mzee nakuachia, mi naongelea tivii za leo, IC zingine (zile chipu za kwenye bodi) zinakuja namba zimekwanguliwa kabisa, hujui utafute ipi, miaka 20 ijayo utachinja nini?

Mchangiaji, Moshi:
Hiyo ya kukwangua namba kweli inauma, hapo hata mimi ningesaini. Ya bei bado sijashawishika. AC128 ninazo mbili nilizitoa kwenye redio moja, badilisha zote kwa pamoja maana zinafanya kazi kama pacha. Ngoja nizipime, zikiwa nzima kesho natuma na gari la Arusha.