Je, kupata taarifa za serikali ni haki ya raia au hisani ya watawala?

Swali

Ndugu zangu, naomba tujadiliane. Mara nyingi raia anapoomba nakala ya mkataba wa ujenzi au mchanganuo wa matumizi ya fedha za umma, jambo la kwanza analoulizwa ofisini ni: "Unazitakia nini?" Naamini swali hilo halistahili, kwa kuwa nyaraka hizo zimeandaliwa kwa kodi ya wananchi na kwa niaba yao. Hata hivyo, wapo wanaosema kwamba kura inatosha kuiwajibisha serikali, na kwamba hakuna ofisi inayoweza kufanya kazi ikiwa kila karatasi yake iko wazi. Msingi wa haki hii ni upi, na mipaka yake iko wapi?

Jibu la kwanza

Msingi wake una umri mkubwa. Uswidi iliwapa raia haki ya kusoma nyaraka za serikali kwa sheria ya mwaka 1766, na Ibara ya 19 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inalinda haki ya kutafuta habari, si kuzipokea tu. Swali la "unazitakia nini" lilijibiwa mwaka 2006 na Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, katika shauri la Claude Reyes na wenzake dhidi ya Chile: mwombaji halazimiki kuthibitisha maslahi yake binafsi, bali serikali ndiyo inayopaswa kueleza kwa nini inanyima. Ama hoja ya kura, nashindwa kuielewa, kwa sababu mpiga kura asiyejua fedha zilikwenda wapi anahukumu kesi ambayo ushahidi wake umefungiwa kabatini.

Jibu la pili

Nakubaliana nawe, lakini mipaka isipuuzwe. Faili la mgonjwa, jina la shahidi aliye hatarini na uchunguzi wa jinai unaoendelea vina sababu halali ya kufichwa. Kipimo kiwe madhara yatakayotokea taarifa ikitolewa, si mhuri wa "SIRI" uliogongwa juu ya jalada, kwani mhuri huo unaweza kuficha aibu ya mkubwa kwa urahisi uleule unaoficha mipango ya ulinzi. Tena, ukurasa mmoja ukiwa na siri ya kweli, ufichwe huo, na kurasa nyingine zitolewe.

Jibu la tatu

Mimi ningependa tuwatazame wanavijiji wa Rajasthan, nchini India, ambao katika miaka ya 1990 walidai kuonyeshwa madaftari ya malipo ya vibarua wa miradi ya umma. Madaftari hayo yaliposomwa kwa sauti katika mikutano ya hadhara, watu walisikia majina ya marehemu yakitajwa kuwa yamelipwa ujira, na majengo ambayo hayajakamilika yakihesabiwa kuwa yamekwisha. Hapakuhitajika mtaalamu wa hesabu, kwa maana kila aliyekuwepo alimjua jirani yake na alijua kama jengo lipo au halipo. Madai hayo yalichangia kuzaliwa kwa Sheria ya Haki ya Taarifa ya mwaka 2005. Kwa hiyo sikubali kwamba haki hii ni ya waandishi wa habari na mawakili peke yao. Anayeihitaji zaidi ni yule ambaye ujira wake umeliwa.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Na ofisi ikinyamaza tu, bila kukataa wala kukubali?

Jibu la tatu

Hapo ndipo sheria nyingi hupwaya. Sheria ya India inaweka ukomo wa siku 30, au saa 48 pale uhai au uhuru wa mtu unapohusika, na ukimya baada ya muda huo huhesabiwa kuwa kukataa, hivyo mwombaji anaweza kukata rufaa. Afisa aliyechelewesha bila sababu ya msingi anaweza kutozwa faini yeye mwenyewe, rupia 250 kwa siku hadi kufikia rupia 25,000. Ukisoma sheria ya aina hii popote, anza na vifungu vya muda, rufaa na adhabu kabla ya dibaji yake.