Naomba ushauri: viinitete vya AS navyo viachwe?

Wakuu, wazazi wote wawili wakiwa AS (wamebeba jeni moja la selimundu, lakini si wagonjwa), kila mimba ina uwezekano wa 25% kuwa SS, yaani selimundu, 50% AS na 25% AA, asiye na jeni hilo. Mayai yakirutubishwa maabara, siku ya 5 au 6 hutolewa seli 5 hadi 10 kwenye tabaka la nje la kiinitete (mimba changa kabisa), litakalojenga kondo, zikapimwa vinasaba. Kukwepa SS sina neno.

Kinachonitatiza ni AS. Mtoto huyo kwa kawaida ni mzima, tena ana kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Kukiacha kiinitete chake bado ni kuzuia ugonjwa, au tayari ni kuchagua watoto? Na kipimo cha kromosomu kikifanywa papo hapo, jinsia nayo huonekana, daktari aifiche?

Tahadhari moja: DNA ya seli chache wakati mwingine husomeka nakala moja tu ya jeni kati ya mbili, AS ikaonekana AA au SS.

Kuchagua kiinitete kwa urefu au akili hata sijafika huko. Jeni ni nyingi mno, kila moja huchangia kidogo, na viinitete vitano havitoi tofauti ya maana (biashara hiyo siiamini).

Nyie mngeishia wapi, na kwa sababu gani?