Tunapuliza dawa moja na kaka yangu, mimi naumwa yeye mzima. Ni jeni? Naombeni ushauri

Mpuliza: Wakuu habari zenu. Mimi na kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, tunapulizia watu dawa ya wadudu mashambani. Dawa ile ile, siku ile ile, yeye akimaliza anakula na kulala vizuri, mimi jioni mate yananijaa mdomoni, jasho, tumbo linakata, macho yanaona ukungu. Nimesoma kuna jeni inaitwa PON1, eti wengine damu yao inavunja hii sumu fasta na wengine pole pole. Nikipima nikakuta yangu dhaifu kuna vidonge vya kuipandisha?

Babu Jembe: Kijana kunywa maziwa kabla ya kazi. Mimi nilipuliza mpaka nazeeka, naziba pua na kitambaa tu, hata kichwa hakijawahi kuniuma. Vijana wa siku hizi kila kitu jeni.

Nesi wa Zamu: Shikamoo babu, ila maziwa hayazuii, sumu nyingi inapita kwenye ngozi. Mpuliza, la PON1 ni kweli. Dawa za jamii ya organofosfeti, kama klopairifosi, zikiingia mwilini ini lenyewe linazigeuza kuwa oksoni ambayo ni kali zaidi, halafu kimeng'enya cha PON1 ndo kinaivunja. Kuna aina ya jeni inayofanya kazi hiyo haraka kuliko nyingine, na hata wenye aina moja wanapishana kiwango. Mwaka 1998 watafiti walionyesha panya waliotolewa hiyo jeni wanadhurika na dozi ambazo wenzao wanazivumilia. Vidonge hakuna. Sasa niambie, nani anachanganya na overoli anafua nani?

Mpuliza: Nachanganya mimi, kaka anabeba bomba. Ila chupa ina mstari wa njano, sio mwekundu, sio ile kali.

Nesi wa Zamu: Njano bado inaua. Na anayechanganya anashika dawa kabla haijatiwa maji, kwa hiyo hata bila jeni wewe unapata nyingi kuliko kaka yako. Nguo hujajibu.

Bi Subira: Jibu la nguo mwanangu.

Mpuliza: Anafua waifu. Ana mimba ya miezi sita. Lakini sabuni anaweka ya kutosha na nimemwambia asichanganye na nguo za mtoto. Msimu huu siwezi kuacha, hela ya mbele nimeshachukua na imeshatumika, msinihukumu.

Bi Subira: Ndo ulikuwa unatuficha hilo! Mwanamume mzima unauliza vidonge vyako, mjamzito kainama kwenye beseni la sumu.

Kipimo: Hii chai. Mpuliza dawa gani anajua PON1? Kuna mtu anakusanya majibu humu.

Mpuliza: Simu ninayo na kusoma najua. Kwa hiyo nikipuliza dawa sina akili?

Kipimo: Weka picha ya chupa basi.

Babu Jembe: Hata kama chai, overoli hata mimi alikuwa anafua mke wangu. Hatukuambiwa.

Nesi wa Zamu: Ukweli au uongo majibu ni yale yale, kuna mwingine anasoma yuko hivyo hivyo. Mtoto anazaliwa na PON1 kidogo sana kuliko mtu mzima, hata wazazi wawe na jeni nzuri kiasi gani. Waifu asiguse hizo nguo kabisa. Wewe acha kuchanganya, nenda upime kolinestarasi kwenye damu, hiyo ndo inaonyesha sumu imekuathiri kiasi gani, jeni haitakwambia. Ukibanwa kifua au misuli ikilegea usisubiri kesho, kimbia hospitali na lebo ya chupa, dawa ya atropini ipo.

Mpuliza: Sawa dada, nguo nafua mwenyewe kuanzia leo, na glavu. Kuchanganya nitamwachia kaka, yeye si mwili wake unahimili.

Bi Subira: Nani kampima?