Unguja ya miaka ya hamsini ilikuwa neema kwa nani?

Jamani kila tukikaa barazani lazima atokee mtu aseme kabla ya Mapinduzi ya 1964 Unguja ilikuwa pepo, vitu rahisi, mlango hufungwi usiku, kaskazi ikivuma majahazi ya Arabuni yanaingia na tende na papa mkavu. Sawa, sikatai, na jirani akipika lazima akuletee kibakuli. Lakini mbona hadithi zote ni za Mji Mkongwe? Ukivuka Darajani tu kwenda Ng'ambo, mitaa ya maskini, mambo mengine, shamba ndo usiseme.

Bibi yangu mzaa mama alikulia njia ya Dole, kwenye shamba la mtu. Msimu wa karafuu mchana wanachuma, usiku wamezunguka koroboi wanachambua, karafuu huku makonyo (vikonyo vyake) kule, malipo kwa kipimo cha pishi, mpaka uzeeni ukimshika kidole gumba unakuta kigumu kama ganda la kombe. Waliruhusiwa kulima muhogo chini ya mikarafuu ya mwenye shamba kwa sharti la kupalilia, ila kupanda mnazi au mwembe marufuku, maana kwetu aliyepanda mti ana haki nao. Yaani unaishi pahala miaka yote hiyo, ukila embe huna ruhusa ya kufukia kokwa! Halafu baada ya uchaguzi wa 1957 watu wakaanza kufukuzwa mashambani kisa kura, wengine wakasusia maduka ya wenzao.

Eti watu walikuwa wametulia, siasa ndo ikaja kuharibu. Wametulia wapi? 1948 makuli wa bandarini waligoma mpaka mji ukasimama. 1951 Kiembe Samaki wakulima walikataa ng'ombe wao kuchanjwa kwa nguvu, na walishakuwa na kinyongo cha ardhi kuchukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, polisi wakafyatua risasi watu wakafa. Ndo Vita vya Ng'ombe hivyo, wazee wanavikumbuka.

Sisemi yaliyofuata yalikuwa mazuri, kuna familia zilipoteza watu wao 1964 na uchungu wao nauheshimu sana, na wala si kila mwenye shamba alikuwa tajiri, wengi walizama kwenye madeni. Ila ukiniambia enzi zile zilikuwa neema kwa wote nitakubishia mpaka kesho.

Nyie wa Pemba je? Huko wenyeji wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, wazee wenu wanasemaje?