Wahusika 14 na ramani ya falme tano, lakini hadithi haisogei

Mchora_Pembeni:
Habari zenu wakuu. Ni shabiki wa anime na katuni, nataka kuandika hadithi yangu nije kuihuisha. Nina michoro ya wahusika 14, ramani ya falme tano na kurasa 40 za historia ya ulimwengu wao. Mhusika mkuu ni Sefu, kijana anayeweza kusimamisha muda kwa sekunde 7. Sura tatu ziko tayari: anagundua kipaji, anakutana na mwalimu, anaingia mashindanoni. Ya nne imegoma. Mnapangaje hadithi kabla ya kuandika? Na anayeanza aandike ya urefu gani?

Msuko:
Mkuu, iliyogoma si sura ya nne, ni ya kwanza. Umetuambia Sefu anaweza nini, hujatuambia anataka nini. Ramani iweke kando (usiitupe), ujaze sentensi moja tu: nani, anataka kitu gani, nini kinamzuia, akikikosa anapoteza nini. "Kuwa shujaa" hakushikiki. "Kumtoa dada yake mgodini kabla haujafungwa alfajiri" kunashikika: kuna mahali, kuna saa, na msomaji atajua kama kumefanikiwa au la.

Kisha andika mwisho, mistari miwili inatosha. Ndipo urudi kwenye matukio makubwa 8 hadi 10, kila moja kwenye kikaratasi chake, sentensi moja. Vipange mezani usome kwa sauti, na kati ya kila viwili tia neno la kuunganisha. Likikubali "halafu" peke yake, hapo pamekatika. Unatafuta "kwa hiyo" au "lakini". Za kwako zina halafu mbili mfululizo, ndiyo maana ya nne haina pa kutokea. Jaribu hivi: anasimamisha muda ili amtoroshe dada, lakini walinzi wanamgundua, kwa hiyo dada anahamishiwa chini kabisa ya mgodi, kwa hiyo Sefu anamtafuta mtu pekee aliyewahi kutoka huko, lakini mtu huyo anadai malipo. Mwalimu ni yuleyule wako, ila sasa ana sababu ya kuwepo.

Hizo sekunde 7 nazo zitafutie gharama. Bila gharama, kila Sefu akibanwa msomaji atauliza kwa nini asisimamishe muda tu. Tuseme kila akiutumia uwezo wake anakuwa kiziwi kwa dakika moja. Ionyeshe mapema ikiwa bado ni kero ndogo, ili mwishoni ije kumuumiza kweli. Ukiitaja kwa mara ya kwanza kwenye pambano la mwisho, watu wataona umewachezea.

Fremu24:
Uziwi ni chaguo zuri, maana kwenye uhuishaji unakata sauti tu na mtazamaji ameelewa. Skripti inabeba kinachoonekana na kinachosikika, basi. Mashabiki wengi huandika hivi: "Sefu alijawa na huzuni akikumbuka dada yake alivyomlea." Mchoraji achore nini hapo? Linganisha na hii:

NDANI. JIKONI. USIKU
Sefu anaweka vikombe viwili mezani. Anavitazama. Anarudisha kimoja kabatini.

Sekunde kama 6, hakuna aliyefungua mdomo.

Na jihadhari na zile hotuba za katikati ya pambano. Kwenye anime, mhusika akitulia kueleza mbinu yake, studio inaokoa michoro: picha moja, mdomo tu ndio unaocheza. Wewe ukiiga bila sababu hiyo, kwenye karatasi inabaki hotuba tupu.

Urefu: dakika 3 hadi 5. Kwa fremu (picha mojamoja) 24 kila sekunde, dakika 5 ni fremu 7,200. Hata ukikalisha kila mchoro kwa fremu mbili, bado ni michoro 3,600. Wahusika wasizidi wanne, na maeneo mawili au matatu, kwa sababu kila eneo jipya ni mandharinyuma mengine ya kuchora. Ile kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja isikudanganye: "Wanapigana" ni neno moja na linaweza kula dakika nzima. Soma huku ukiigiza, saa ikiwa mkononi.

Baada ya hapo chora storibodi (hadithi yote kwa visanduku vya picha) kwa watu wa vijiti, zipange picha kwa muda wake halisi, tia sauti uliyorekodi kwa simu. Hiyo ndiyo animatiki. Mzaha uliochelewa na onyesho linalojikokota vitajianika vyenyewe, na kufuta kijisanduku hakuumi kama kufuta onyesho lililokwisha kupakwa rangi.

Kalamu_Butu:
Nakubali, ila hadithi fupi si lazima iwe na pambano. Kuna muundo wa Kijapani wa kishotenketsu, unaotumika sana kwenye katuni za visanduku vinne: utangulizi, maendeleo, mgeuko, hitimisho. Mgeuko si adui, ni jambo linalobadili maana ya ulichokwisha kukiona.

Chukua vikombe vya Fremu24. Kwanza, Sefu anamsogezea mtu kikombe cha chai. Mtu hatumwoni, na mvuke umeganda hewani. Pili, Sefu anamtabasamia. Tatu, tunaona meza yote: dada hapepesi, mkono wa mlinzi uko begani kwake, kumbe muda umesimamishwa. Nne, kiti kitupu, mvuke unapanda. Mvuke ule wa kwanza ndio unaoubeba mgeuko. Usipoupanda mapema, kisanduku cha tatu kinakuwa kiinimacho.

Mchora_Pembeni:
Asanteni sana wakuu. Sasa hao wahusika 10 waliobaki? Na je, nifanye mazoezi kwa kutumia wahusika wa anime iliyopo?

Msuko:
Mtoe mmojammoja kwenye vikaratasi. Hadithi isipotikisika, huyo aende stoo. Wawili wenye kazi moja waunganishe.

Wahusika wa watu ni zoezi zuri la mazungumzo, ila usiuze, si mali yako, na hutajifunza kumtambulisha mhusika, kwa kuwa msomaji tayari anamjua. Afadhali uchukue kipindi kimoja unachokipenda, usimamishe kila onyesho likiisha, uandike sentensi moja: nani alitaka nini, na nini kimebadilika. Onyesho usiloweza kuliandikia sehemu ya pili, lirudie kulitazama.